Ndege wa Nyasi za Kuezekea

Tulipopewa shamba huku Kieni, karibu na Chaka, bendera ilikuwa bado mpya na nyasi zilifika kiunoni. Mimi nilisoma hadi darasa la pili tu, lakini majina siyasahau. Kina mama wa kikundi chetu cha mabati ninawakumbuka mmoja mmoja, na baba zao. Siwaandiki hapa kwa sababu wajukuu wao hununua maziwa kwangu.

Kikundi kilikuwa hivi: tulichangishana, na kwa zamu kila nyumba ikavuliwa nyasi na kuvishwa mabati.

Mama mkwe hakutaka. Alikuwa ametenga kipande cha shamba kisichoguswa na jembe, cha kukata nyasi za kuezekea. Humo aliishi ndege wa ardhini, mgongo kama nyasi kavu, kifua cha njano. Mtini hakupanda. Alitembea kama kuku na kutaga chini ya shungi la nyasi. Siku ya kukata, mama mkwe alitangulia akipapasa kwa fimbo, na penye kiota alizifunga nyasi fundo. Hapo panga halipiti. Alisema anayeezeka kwa kubomoa nyumba ya mwingine, yake itavuja.

Zamu yangu ilipofika, niliwaambia kina mama waanze na nyumba ya mama mkwe. Wakanisifu sana. Mmoja akatania ati natafuta baraka kwa njia ya mkato. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona viazi vya jirani, na macho yangu yalikuwa kwenye kile kipande. Nyumba ikiwa na mabati, nyasi ni za nini?

Zawadi ya kikundi haikataliwi. Walikuja wakiimba, naye akawapikia uji, akaketi akitazama nyasi zake zikitupwa chini. Jioni akaniuliza kama nitalima. Nikasema nitalima.

"Na yule ndege utamweka wapi?"

"Ataenda kwa jirani, mama. Ana mabawa."

Nilipolima nilikuta fundo moja. Siku ya kwanza nililizunguka. Siku ya pili sikulizunguka.

Viazi vilikuwa vizuri, siwezi kudanganya. Lakini kila asubuhi mama mkwe aliketi nje akingoja ule mluzi mwembamba wa ndege wake, kisha ananiuliza kama kwa jirani bado yuko. Nasema yuko. Nilisema hivyo msimu mzima, halafu nikaona aibu, nikaenda kuuliza.

Jirani alikuwa akipanda kabeji hadi mpakani. Alicheka.

"Kwani si alihamia kwenu? Sisi tulipolima tulijua ameenda kwa mama mkwe wako. Ndiye aliyebaki na nyasi."

Nilirudi polepole. Nikamwambia mama mkwe, "Hayuko, mama. Hata kwa jirani hayuko."

Hakunigombeza. Alichukua fimbo, akashuka hadi kona ya ua ambako jembe halikufika vizuri, akapapasa, akazifunga nyasi chache fundo. Kiota hakikuwapo. Alifunga tu.

Kona ile sijailima tangu siku hiyo, na yeye tulishamzika zamani. Nyasi zimerudi, zinafika kiunoni. Wajukuu huniuliza, "Cucu, mbona hata ng'ombe huwaachilii hapo?"

Huwaambia ni za kuezekea.