Mafuta ya Wagonjwa kwa Binti Aliye Mzima

Asifiwe Mungu, anayewavumilia hata makatekista wazee.

Juzi, nyumbani kwetu mtaa wa Nguba, nilimsikia binti yangu Furaha akimwambia mumewe: "Hata nikikufa, hautateseka." Nikaamua kwamba ana ugonjwa mbaya anaotuficha. Kumuuliza? Hekima yangu ilitosha. Nilikwenda kumwita padri alete mafuta ya wagonjwa, nikakusanya pia akina mama kumi wa jumuiya, tukaja tukiimba nyimbo za maziko.

Tulimkuta Furaha mezani na ajenti wa bima ya maisha, akijaza karatasi.

"Papa, mimi siko mugonjwa! Niko na mimba. Ndiyo maana tunakamata asiransi. Tulitaka wewe ujue wa kwanza, kabla ya watu wote."

Nyuma yangu, akina mama kumi walipiga vigelegele.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie watoto wenye subira.