Mtoto wa Kauri

Muuza sanamu wa Malaba huvuka mpaka na mali yake mgongoni, imefungwa leso na kufunikwa gubigubi kama mtoto, maana ushuru wa kauri ungemmaliza. Ni sanamu ambazo walimu, na hata maofisa wa forodha, hupenda kuziweka kando ya televisheni: mzungu aliyeshika tama, mwanamke asiye na mikono. Akiingia njia ya panya huanza kuupigapiga mzigo taratibu, akivumisha wimbo wa kubembeleza huku kwapa zikimlowa.

Leo asubuhi askari mwanamke alimsimamisha. "Mama, mtoto amelala?"

"Amelala, afande. Ana homa." Uongo ulimtoka kabla hajaupima. Askari akapenyeza mkono chini ya leso kupima joto. Mkono uligusa shavu laini, baridi kama jiwe la mtoni, ukatulia hapo, kisha ukatoka polepole. Askari akafanya ishara ya msalaba.

"Pole, mama," akanong'ona. "Pita. Usimfunue mpaka ufike kwenu."

Alipofika kwenye foleni ya malori, ambako hakuna aliyemjali, mkono wake ulikuwa bado unampigapiga mtoto, na yeye mwenyewe akaogopa kuifungua leso.