Jivu la Nguzo

Mume wangu alikufa saa nne asubuhi, na kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa nimemletea mrenda, ile mboga ya majani ya kuvutika, kutoka nyumbani, nikafunga kikopo kwa leso usipoe. Chakula cha hospitali kilikuwa kinamkwama, lakini mrenda huteleza. Alimeza vijiko vitatu. Cha nne kikatoka pembeni ya mdomo, na mimi nikaendelea kumwambia, "Meza, baba, meza kidogo tu." Ni mzee wa kitanda cha pili aliyeniambia, "Mama, wacha sasa. Ameenda."

Mchana huo huo daktari alinishika mkono. Nilidhani ni wa kunipa pole, kumbe alikuwa anaangalia kucha zangu. Zilikuwa na mistari myeupe ya kukingama, kama za marehemu.

"Mama, nyumbani mnatumia kuni gani?"

Nikamwambia.

"Na jivu mnapeleka wapi?"

Nikamwambia hiyo pia. Akavuta kiti, akaketi. Halafu akanieleza pole pole kwamba nguzo za kijani, kama zile za stima, huwekwa dawa ili mchwa wasizile, kwamba dawa hiyo ni sumu, haiishi kwa moto, na nyingi hubaki kwenye jivu. Mimi niliachia shule darasa la tano, lakini hilo halikuhitaji kurudiwa. Kikopo kilikuwa mezani, mrenda umebaki nusu.

Wacha nirudi nyuma.

Sisi ni watu wa magharibi, Waluhya. Mume wangu aliletwa huku na kazi ya kuchuna chai, na mimi nikaletwa na yeye. Mashine za kuchuna zilipoingia shambani, watu wakaambiwa waende nyumbani. Sisi nyumbani kwetu palikuwa hapa, ploti ndogo karibu na Litein tuliyonunua tukiwa na nguvu. Watoto wetu wawili walikuwa wameshaenda kutafuta maisha mbali. Mume wangu akasema atakausha nyama kwa moshi, vile babake alikuwa akifanya juu ya meko, kwa sababu watu wanaosafiri kwenda kwao hupenda kubeba nyama isiyooza njiani.

Alienda Sotik mara mbili kutafuta pipa. Kulikuwa na pipa la oili, la dawa ya magugu, na moja lililokuja na maji ya matunda. Aliingiza kichwa ndani ya kila pipa akanusa mpaka watu wakakusanyika. Fundi wa kuchomelea akamcheka: "Mzee, unanunua pipa ama unaoa?"

"Mke nilichukua bila kunusa," akamjibu, "na unaona vile nimezeeka."

Alinunua lile la matunda. Fundi akakata mlango chini wa kuweka moto, akachomelea vyuma vya kutundika nyama juu, na kifuniko chenye tundu la moshi. Hata hivyo mume wangu hakuridhika. Alilichoma likiwa tupu siku nzima, akalisugua kwa mchanga na maji moto, akalichoma tena. Mtu aliyeogopa pipa namna hiyo! Nikikumbuka nataka kulia na kucheka pamoja.

Kuni ndizo zilitusumbua. Mkaratusi ulifanya nyama inuke kama dawa ya kupaka kifua. Mti wa saipresi ulitoa moshi mweusi, nyama ikawa na masizi ya kunata. Zile nzuri kabisa zilikuwa visiki vya chai iliyozeeka ikang'olewa: vinawaka taratibu, moshi mweupe mwembamba, nyama inageuka rangi ya kahawia ya kupendeza. Lakini visiki vilipatikana msimu mmoja tu. Na huku kwetu mvua inanyesha kila alasiri, kuni mbichi hazikauki hata ukizibembeleza.

Ndipo tukampata mwenye yadi ya nguzo, njia ya kwenda Sotik. Jina lake nalijua na yeye anajua nalijua. Alikuwa na lundo la vipande vilivyokatwa kwenye ncha za nguzo, vikavu kabisa, vimefunikwa na mabati. Akatuambia tubebe tu, bure, tunamsaidia kusafisha yadi.

Ni mimi niliyeuliza. Nilikichukua kipande nikakigeuza. "Mbona ni kijani hivi?"

"Ni ukungu tu, mama. Si unajua mvua ya huku."

Ukungu. Mungu anisamehe, nikaamini, kwa sababu hata ukuta wa nyumba yangu una ukungu wa kijani.

Vile vipande viliwaka vizuri sana. Nyama ilitoka safi, wateja wakaongezeka. Na mimi nikaona jivu jeupe, laini, linabaki chini ya pipa bila kazi. Kwetu mrenda haupikwi bila munyu, yale maji ya chumvi tunayochuja kwenye jivu. Mamangu alichoma maganda ya maharagwe, lakini huku ni chai mpaka mlangoni, maharagwe ya kutosha utapanda wapi? Nikatoboa mkebe, nikaweka nyasi chini, nikajaza jivu la pipa, nikamwaga maji. Yalidondoka rangi ya chai ya rangi. Mrenda ukaiva haraka, ukavutika vizuri. Mume wangu alikula mpaka akalamba vidole. "Leo umepika kama mama," akasema. Baada ya hapo niliupika karibu kila siku. Mimi nilikuwa naonja tu, napenda zaidi sukuma wiki.

Jirani yetu alikuwa mama mzee Mkipsigis. Sote tulimwita Kogo, nyanya. Hao wenyewe husugua kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, kwa makaa ya mti maalum, na mti mwingine hawashiki. Siku moja alisimama kwenye ua, pua juu.

"Huu moshi si wa kuweka kwa chakula," akasema.

"Kogo, hii ni nyama, si mursik," mume wangu akamtania.

"Hata nyama ina tumbo la kuingia."

Wiki chache baadaye ndama wake alipenya ua akalamba lundo letu la jivu, kama ng'ombe wanavyolamba chumvi. Kesho yake akafa. Kogo alikuja akasema wazi, "Ni jivu lenu." Mume wangu akamjibu, "Jivu linaua tangu lini? Sisi tunalila na tuko hai."

Na mimi, nikiwa ndani, nilisema maneno mabaya zaidi. Nilisema anatafuta sababu ya kutufukuza. Sisi huku si wenyeji, kila uchaguzi ukikaribia tunafunga mizigo tukingoja kusikia tumeambiwa nini. Nikafikiri hii ya ndama ndiyo mwanzo. Kumbe yule mama alikuwa ananiokoa, na mimi nikafunga mlango.

Mume wangu alianza kwa kutapika. Halafu akasema miguu inachomachoma, halafu ikafa ganzi. Siku moja alikuwa anatundika nyama, ikamponyoka vidoleni, akabaki anaitazama chini kama si yake. Kadiri alivyodhoofika ndivyo nilivyozidi kumpikia mrenda, kwa sababu ndio aliokuwa anameza.

Sasa niko peke yangu. Watoto hupiga simu Jumapili. Kogo alienda kukaa na bintiye Mulot, na kabla aende nilimwomba msamaha. Alinishika tu kichwa. Miguu yangu mpaka leo ni kama imevaa soksi nisizoweza kuvua. Nyama sikaushi tena ya kuuza. Nikikutana sokoni na mtu aliyekuwa mteja wetu, kabla ya salamu naangalia kucha zake.

Nilienda kwa mwenye yadi. Alitoa kofia, akasema, "Pole, mama, ni mapenzi ya Mungu," akaingia kwa gari. Mfanyakazi wake mmoja, mtu mzima wa rika langu, akanifuata mpaka barabarani. Hakuniangalia usoni. "Sisi alitukataza zamani kupikia chai na hizo, ati zina sumu," akasema. "Alisema atakayezichoma atafutwa kazi."

Nilienda ofisi ya serikali kushtaki. Waliniuliza kwetu ni wapi, halafu wakaniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu zimepita nyingi.

Basi naandika. Mkono uliochuja lile jivu ni wangu, na kijiko nilikishika mimi. Hilo silikatai, nalijibu kila asubuhi nikiamka kwenye kitanda kitupu. Lakini wewe mwenye yadi, wafanyakazi wako uliwaambia ukweli. Mimi nilishika kipande mkononi, nikakuuliza mbele ya mume wangu. Njoo uniangalie kucha hizi, uniambie: kwa nini kwao ilikuwa sumu, na kwangu ikawa ukungu?