Picha Niliyompelekea Mjane

Ndugu zangu, tangu Ijumaa napita njia za nyuma nisionane na watu. Mimi ni mpiga picha hapa Rumonge. Mzee Saidi, mshona nyavu, alikuwa akinikataza kila mara: "Hapana, mutoto wangu. Dini yangu hainiruhusu." Siku moja alipokuwa akicheka na wenzake ufukweni, nilijificha nyuma ya mtumbwi nikampiga picha.

Alipofariki, nikajiona mtu mwema sana. Nikaikuza picha ile, nikaitia fremu, nikaenda nayo matangani na kumkabidhi mjane wake mbele ya watu wote. Nilikuwa nikisubiri kuambiwa asante, murakoze.

Mjane huyo, Mama Zuhura, aliitazama.

"Hata siku ya arusi yetu alikataa kupigwa picha nami," alisema. "Nilimuomba mpaka nikachoka. Wewe alikukubalia?"

Watu wakanigeukia. Nilitamani kusema ndiyo, lakini macho ya yule mama yalinishinda.

"Hapana, mama. Nilimpiga kwa siri."

Akashusha pumzi, kisha akaifunika sura ya mumewe kwa ncha ya kitenge chake.