Saa ya Kupimia Bwawa

Jana bomba la barabarani lilipasuka hapa mtaani kwetu Bertrams. Majirani wakatoka na ndoo, "Eish!" kila mdomo. Mimi nilisimama tu, nikinusa udongo wa mfinyanzi uliolowa.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa mlinzi wa bwawa. Chini ya tuta lake palikuwa na bomba jembamba lililotoa maji yaliyopenya ndani. Kila asubuhi baba alikinga kopo pale, na dada yangu akashika saa, kuhesabu kopo linajaa kwa muda gani.

"Kila bwawa huvuja," baba alisema. "La kuogopa ni uvujaji kubadilika."

Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba kopo. Roho iliniuma kila nilipoiona saa ya baba, kubwa, ikining'inia kwenye mkono mwembamba wa dada.

Siku moja niliwatangulia, nikashindilia udongo ndani ya bomba. Kopo likachelewa kujaa. Baba akabadilika uso.

"Maji yamepungua? Basi yamepata njia nyingine!"

Alilikagua tuta zima akitambaa kwa magoti, akitafuta ufa. Hakuuona. Akamgeukia dada. "Umehesabu vibaya."

Dada aliapa, akalia. Baba akamvua saa, akanivisha mimi.

Kesho yake nilitangulia tena, nikauchokoa udongo wote kwa vidole. Kopo likajaa kwa muda wake wa siku zote.

"Umeona?" baba alimwambia dada. "Mwenzako anajua kuhesabu."

Dada, kopo mkononi, alikuwa akizitazama kucha zangu.