Lau ya Bibi

Harufu ya miyaa, yale majani ya mkindu ya kusukia mikeka, inapotoka kuchemshwa na rangi, hunirudisha ukumbini kwetu Mlandege: mimi na madaftari yangu sakafuni, Bibi na ukili wake, mkanda wa kushonea mkeka, mkononi. Bibi ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki mimi ningali nanyonya, na habari zake nyumbani hazikuwa za kuulizwaulizwa.

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Bi Saada, alikuwa akitufundisha sentensi za masharti. Ile ya “nikija nitakula” ilinikaa mara moja. Ile ya mambo yaliyokwisha pita ilinitoa kijasho. Akatutaka tukatunge kumi za namna hiyo nyumbani, na kwa hizo angechagua wa kushindana na skuli nyengine. Nafasi ile niliitaka kuliko nguo za Sikukuu.

Nisije nikakosea, nikaanza kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Lau ningalikwenda Forodhani, ningalikula urojo. Lau nisingalikula urojo, tumbo lisingaliniuma. Nilikuwa nishajiona mtaalamu, Bibi akaacha kusuka.

“Futa,” akasema. “Lau humfungulia shetani mlango. Lililopita lishaandikwa.”

Hayo hata chuoni kwa maalim wa Kurani tulifundishwa, lakini chuoni hakukuwa na mashindano. Nikafuta. Nikajaribu kuwaridhisha wote wawili kwa kutia inshallah kila sentensi, nikaona haiendi. Jambo la jana halina inshallah. Hapo nikalia, kilio cha kweli, mpaka daftari likalowa.

Bibi alikuwa mkali wa maneno, ila machozi yangu hakuyaweza. Alifumua ukili wa karibu dhiraa nzima, ambao mimi sikuuona kosa, kisha akasema taratibu:

“Andika moja tu. Lau ningalimpeleka mapema.”

“Halafu, Bibi?”

“Malizia mwenyewe.”

Kiswahili chetu hakina shida, “ningalimpeleka” ni yeyote yule. Kiingereza lazima kijue. Nikamuuliza, mwanamme au mwanamke?

“Mwanamke,” akajibu, akainuka kwenda kutia udhu, na alasiri bado haijaadhiniwa.

Nikamalizia kwa akili zangu: If I had taken her early, she would have arrived early. Lau ningalimpeleka mapema, angalifika mapema. Bi Saada aliniuliza tisa nyengine ziko wapi, nikamwambia Bibi kakataza. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka, aliitia vema ile moja, lakini moja si kumi, na nafasi akapewa mwengine. Nilimnunia Bibi wiki nzima. Aliniwekea chakula, akarudi kwenye ukili wake.

Nilikuwa mtu mzima, Bibi keshazikwa, mama mdogo aliponambia kwamba mama yangu aliugua homa siku tatu ndani ya ukumbi ule ule. Bibi alimpa dawa za majani, akiamini itashuka, na walipofika hospitali ilikuwa basi tena.

Wiki nzima nilimnunia mtu aliyenipa sentensi ambayo hakuwahi kuitamka mbele ya mtu mwengine. Lau ningalijua, nisingalimnunia hata siku moja. Nisamehe, Bibi. Hii siifuti.