Yai la Msichana

Binti yangu aliacha nyama akiwa na miaka kumi na minne, siku mbuzi aliyemlea mwenyewe alipochinjwa kwa ajili ya Pasaka. Nilidhani ni hasira za wiki moja. Miezi mitatu ikapita, bado anatenga vipande pembeni ya sahani kama anayechambua mawe kwenye mchele. Mimi sina subira hata ya maji kuchemka, nikasusa kumpikia chakula chake. Akawa anakula ndizi, maharage kidogo yakibaki, na kushushia kwa chai ya rangi.

Ndipo akaanguka mstarini shuleni. Kwenye kituo cha afya, nesi akamfunua kope ya chini, akampima damu, akasema ni pungufu.

"Si umeona?" nikamfokea mtoto. "Leo unakula nyama, hata kwa fimbo!"

Nesi akanigeukia mimi. "Mama, mtoto anaweza kukua vizuri bila nyama. Ila si kwa ndizi na chai. Anakua, na kila mwezi anapoteza damu. Ale maharage ya kutosha, mchicha na matunda kwenye mlo huohuo; chai isubiri, maana inazuia chakula kuongeza damu. Na asikose mayai na maziwa, maana kuna kitu kwenye nyama ambacho mboga za majani hazina."

Akampa vidonge vya kuongeza damu, akasema turudi baada ya mwezi. Niliona aibu, maana aliyesusa ni mimi.

Maharage hayakuwa tabu. Tabu ilikuwa mayai. Kuku wote pale nyumbani Kasulo ni wa mama mkwe wangu, na kwa desturi aliyokulia, msichana hali mbuzi, hali kuku, wala hali yai. Nyama alishawaruhusu wajukuu zake, yai, hapana. Basi nikanunua mayai sokoni, nikawa nayachemsha mbele ya mlango wake makusudi. Shikamoo yangu siku hizo ilikuwa ya mdomoni tu.

Mwezi ulipotimia, damu ilikuwa imepanda. Nililia kwa furaha mbele za watu. Tuliporudi, binti akakimbilia kwa bibi yake kumweleza yote, toka kizunguzungu hadi kipimo.

Bibi akauliza, "Na masikio yalikuwa yanavuma?"

"Ndiyo, bibi. Umejuaje?"

"Hata mimi nilikuwa naanguka, nikiwa mkubwa kama wewe. Shambani, kisimani, popote. Wakasema nimerogwa."

Nilimwangalia mama yule niliyekuwa nimemnunia mwezi mzima. Bibi akainuka, akaingia ndani, akatoka na mayai mawili kwenye pindo la kanga. Binti akayachemsha. Moja akala yeye. La pili akalimenya, akamwekea bibi kiganjani.

Bibi akaligeuzageuza, akaling'ata kidogo, akaomba chumvi.